Kupitia kwa Bwana DC

Mkenya anayetaka kupeleka ombi Bungeni haandiki apendavyo. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa maombi kwa Bunge inataka ombi liwe limeandikwa kwa mkono au limechapwa, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa wala yaliyopachikwa katikati ya mistari. Lugha iwe ya heshima na ya upole, na anayeandikiwa liwe Bunge lenyewe. Asiyejua kutia sahihi anaweka dole gumba. Mwishoni lazima ionekane wazi mwombaji anataka Bunge litende nini, na katika kielelezo kilichomo kwenye Kanuni za Kudumu za Bunge la Kitaifa, mwombaji anajiita mnyenyekevu na kuahidi kwamba ataendelea kuomba daima.

Ahadi hiyo ya kuomba daima ina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Miaka 200 iliyopita ilikuwa ikiandikwa chini ya karatasi zilizopelekwa Dublin Castle, makao ya serikali ya Uingereza nchini Ireland, na wajane, wafungwa, walimu waliodai mishahara na wakulima ambao viazi vyao vilikuwa vimeoza. Imefika Barabara ya Bunge jijini Nairobi ikiwa nzima, pamoja na desturi nyingi za meza ya karani wa Kiingereza.

Kuna desturi moja iliyonifanya niandike makala haya. Sheria hiyohiyo inamtaka mwombaji aeleze kama amekwisha kujaribu kulitatua jambo lake katika ofisi inayohusika, na kama ofisi hiyo ilimjibu vya kuridhisha. Kwa haraka sharti hili linasikika la busara, kwa kuwa hakuna Bunge linaloweza kushughulikia kila bomba lililopasuka Kangemi. Lakini ukilifuatilia nyuma kwa miaka mia moja, unaona kwamba ndilo sharti kongwe kuliko yote katika utawala wa jiji hili, kwamba malalamiko yako yapitie kwanza kwa yule unayemlalamikia. Maombi mengi yaliyoandikwa Nairobi, kuanzia Dagoretti hadi Kibera, yaliandikwa na watu waliotafuta njia ya kulizunguka. Mara nyingi serikali haikuwaadhibu kwa walichosema. Iliwaadhibu kwa njia waliyopitia.

Turudi kwanza Dublin, kwa sababu kule kazi hii ya makaratasi imehifadhiwa vizuri. Kuanzia mwaka 1818 barua zilizoingia katika ofisi ya Katibu Mkuu wa serikali ya Ireland zilisajiliwa na kupewa nambari, na mkusanyo huo unaendelea hadi 1922. Mwaka 1817 na tena 1822 njaa ilipiga sehemu kubwa za Ireland, na homa ya taifasi ikaifuata, hivyo maombi ya chakula na ya kazi yalikuwa mengi. Ombi lilipofika, karani hakulijibu. Alililaza kifudifudi, akaandika mgongoni muhtasari wake, tarehe na jina la mwombaji, kisha mkubwa wake akaandika hatua ya kuchukuliwa. Hatua iliyochukuliwa mara nyingi ilikuwa kulirudisha ombi kule lilikotoka, kwa hakimu wa eneo au kwa afisa wa pale, ili atoe ripoti. Mfungwa aliyeomba msamaha akisema kesi yake haikuendeshwa kwa haki, ombi lake lilipelekwa kwa jaji aliyemhukumu ili atoe maoni. Serikali haikuona kasoro yoyote hapo. Kwa mtazamo wake, aliyekuwa karibu na jambo ndiye aliyelijua.

Utaratibu huo ulisambaa kila mahali palipofika bendera ya Uingereza. Kanuni za Wizara ya Makoloni zilitaka barua yoyote ya mkazi wa koloni kwa Waziri aliyeko London ipitie kwa Gavana. Aliyeituma moja kwa moja aliiona ikirudishwa kwa Gavana huyohuyo ili aitolee maelezo. Chini ya Gavana palikuwa na mlolongo wake: Katibu wa Serikali, Kamishna Mkuu wa Wenyeji, PC (mkuu wa mkoa), DC (mkuu wa wilaya), kisha chifu. Mkulima wa Kabete mwenye shida juu ya ardhi yake alianzia chini, kwa chifu aliyeteuliwa na DC, na karatasi yake ikabebwa na tarishi ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiongeza maoni yake pembeni. Kufika juu, maneno ya mkulima yalikuwa machache kuliko maneno ya waliolalamikiwa.

Tarehe 24 Juni 1921, Dagoretti, watu walijaribu kulifuata sharti hili barabara. Chama cha Kikuyu Association, kilichoongozwa na machifu wa Kiambu kama Koinange wa Mbiyu, kilikutana na wakuu wa serikali nyumbani kwa Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkuu. Kanisa la misheni ya Kabete, chini ya Kasisi Harry Leakey, lilikuwa limewasaidia kuweka malalamiko katika lugha ambayo serikali ingeisikiliza. Waliyosema yalikuwa mazito. Kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Walowezi walikuwa wamekubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Wanawake na wasichana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi mashambani mwa Wazungu. Kipande, ile hati ya usajili iliyofungiwa ndani ya kikebe cha chuma, kilining'inizwa shingoni mwa kila mwanamume mzima kama kengele ya mbuzi. Na juu ya yote palikuwa na ardhi, ambayo hakuna aliyekuwa na hati yake.

Mkutanoni alikuwapo kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi za Hazina mjini. Harry Thuku alizaliwa 1895 Kambui, akasoma misheni, akafanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi kabla ya kuingia serikalini. Alijua kutoka ndani jinsi karatasi zinavyotembea. Alielewa pia kwamba yaliyosemwa Dagoretti yangeandikwa upya na maafisa waliohudhuria, na kwamba London ingesoma walichoandika wao.

Mwezi uliofuata, baada ya mkutano mkubwa wa hadhara mjini Nairobi tarehe 10 Julai, Thuku alituma simu ya maandishi London, bila kupitia kwa chifu, DC wala Gavana. Malalamiko yaliyokuwemo yalikaribiana sana na yale ya Dagoretti. Aliongeza jambo moja lililowachoma walowezi, kwamba Wahindi hawakuwa adui wa Mwafrika, bali baada ya wamisionari ndio waliokuwa rafiki zake wa karibu zaidi. Manilal Desai, mhariri wa gazeti la Wahindi mjini, alikuwa amempa nafasi ofisini kwake.

Yaliyofuata yanaonyesha serikali ilikuwa imekerwa na nini. Machifu walilalamika kwamba kijana huyu amesema kwa niaba yao bila idhini. Maafisa walitaka kujua nani alimruhusu. Thuku akapoteza kazi yake Hazina. Sijaona mahali ambapo serikali ilichukua simu ile na kuipinga hoja kwa hoja. Kodi ilikuwa imepanda kweli, mishahara ilikuwa imekatwa kweli, na hakuna aliyebisha. Kosa lilikuwa waya wa simu. Maneno yaliyovumiliwa mbele ya Kinyanjui yaligeuka uchochezi yalipofika London bila maelezo ya pembeni.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, mahali ambapo leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanavuka barabara inayoitwa kwa jina la Thuku. Hata pale, desturi ya ombi ilifuatwa. Wazee sita walichaguliwa kwenda kumwona Charles Bowring, Katibu wa Serikali, kumwomba Thuku aachiliwe. Walirudi na ahadi kwamba sheria itafuata mkondo wake, wakawaomba watu watawanyike. Mary Muthoni Nyanjiru alisimama akawakemea wanaume kwa kukubali jibu hilo, wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea langoni, askari wakafyatua risasi. Inasimuliwa kwamba baadhi ya Wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walifyatua. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa. Waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Nataka msomaji azingatie mpangilio wa tukio hilo, kwa kuwa vitabu vya shule hulikumbuka kama ghasia tu. Lilikuwa ombi kwanza. Lilipelekwa na ujumbe, likajibiwa kwa mdomo, waliolipeleka wakalikataa jibu. Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe mjini Dublin viliteketeza ofisi ya kumbukumbu za taifa pamoja na nyaraka za karne nyingi. Karatasi za ofisi ya Katibu Mkuu zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, ndani ya Castle. Kwa hiyo mjane wa Ireland wa 1822 anaweza kusomwa leo kwa maneno yake mwenyewe. Maneno ya Nyanjiru tunayajua kwa masimulizi ya waliosimama karibu naye, na ombi la wale wazee sita lilikuwa la mdomo. Nairobi nayo ilipata moto wake mwaka 1939, katika jengo la Sekretarieti, na majalada mengi ya miaka ya mwanzo yakapotea.

Baada ya Thuku kupelekwa uhamishoni Kismayu, kazi ya kuandika ilichukuliwa na Kikuyu Central Association, yaani KCA. Mwaka 1925 walimpa Gavana Edward Grigg ombi ambalo naliona kuwa mojawapo ya maandishi bora ya siasa za nchi hii. Walitaka Thuku arudishwe, hati za ardhi zitolewe, Waafrika waruhusiwe kupanda kahawa. Pia walitaka sheria za koloni zitafsiriwe kwa Kikuyu. Ombi hilo la mwisho linanigusa kila ninapolikumbuka. Watu waliotozwa faini na kufungwa kwa sheria hizo walikuwa wakiomba kuruhusiwa kuzisoma.

Johnstone Kenyatta, katibu wa KCA tangu 1928, alilibeba ombi jingine mwenyewe hadi London mwaka uliofuata, kwa nauli iliyochangwa na wanachama. Wizara ya Makoloni ilimfikisha mbele ya ukuta uleule: arudi, apitie kwa Gavana, au chama chake kiyaseme hayo katika Mabaraza ya Wenyeji ambayo mwenyekiti wake alikuwa DC. Alisubiri karibu mwaka mzima kabla ya naibu wa Waziri, Drummond Shiels, kukubali kuonana naye Januari 1930. Alichojifunza katika kusubiri huko ni kuandika magazetini, na Machi mwaka huo The Times lilichapa barua yake. Njia ya kumzunguka DC ilikuwa imepatikana, ingawa ilipitia kwa mhariri.

Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Morris Carter, ilikusanya ushahidi kati ya 1932 na 1933 na kuuchapa katika majuzuu matatu manene. Ndani yake zimo hati za mbari moja baada ya nyingine kutoka Kabete, Dagoretti na Limuru, zikieleza nani alinunua kilima kipi kwa mbuzi wangapi. Koinange, yule chifu aliyekuwapo Dagoretti 1921, alikuwa ameona maneno hayatoshi, akafukua kaburi la babu yake ili mifupa itoe ushahidi. Tume ilitoa ripoti mwaka 1934, na kabla ya muongo kwisha sheria zikapitishwa kufuta haki za wenyeji juu ya ardhi yoyote nje ya hifadhi walizotengewa. Aliyepitia ngazi zote kwa utiifu wa miaka zaidi ya kumi alipata jibu sawa na aliyezikwepa.

Kibera ina habari ndefu kuliko hizi zote. Wanubi waliokaa pale walikuwa wanajeshi wa King's African Rifles waliotoka kusini mwa Sudan kupitia Uganda, pamoja na familia zao. Mwaka 1904 walipewa kukaa katika msitu huo kusini-magharibi mwa jiji, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi. Askari mstaafu alipewa pasi ya shamba, kipande cha karatasi kilichomruhusu kujenga na kulima. Pasi si hati. Hapo ndipo barua zao zilipoanza, na zimeendelea kwa miaka mia moja.

Tatizo lao lilikuwa kwamba hapakuwa na yule wa kumlalamikia. Jeshi liliisimamia Kibera hadi 1928, kisha likaikabidhi kwa utawala wa raia, na tangu hapo kila ofisi iliwaelekeza kwa nyingine. Tume ya Carter iliwasikiliza ikaamua kwamba ni wapangaji wa Serikali ya Mfalme ambao wanaweza kuondolewa, ila wakiondolewa wanastahili fidia. Uhuru ulipokuja, ardhi iliyokuwa ya Mfalme ikawa ya Serikali ya Kenya, na jibu halikubadilika. Mitaa ya nyumba za kisasa ilijengwa juu ya ardhi waliyoipigania wakiwa askari katika vita viwili vya dunia. Mnubi aliyeomba kitambulisho alihojiwa zaidi ya jirani yake, kwa hiyo hata kuandika ombi kama raia kulihitaji kwanza ombi la kutambuliwa kuwa raia.

Mwaka 2003 walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi, na kesi hiyo ikakwama bila kusikilizwa. Wakapeleka malalamiko yao nje. Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua Machi 2011 kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia wakati wa kuzaliwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, iliamua mwaka 2015 kwa upande wa jamii hiyo, na ilikubali kuisikiliza kwa sababu njia za nyumbani hazikuwa zimewafikisha popote. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya pamoja ya ekari 288. Hizo ni chini ya sehemu moja kwa kumi na nne ya zile zilizotangazwa 1918. Nimesikia watu wakisema Wanubi walipewa. Ukilinganisha nambari hizo mbili, hutatumia neno hilo.

Nao wafungwa wa miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, waliandika kuliko watu wote. Kutoka kambi za Manyani, Mageta na Embakasi, walioshikiliwa bila kesi waliandika kwa Gavana, kwa Kamishna wa Magereza, kwa wabunge wa London. Walitumia karatasi walizoziiba, wakaziandika barua zao kwa heshima zote zilizotakiwa, na wakaorodhesha vipigo, mgao wa chakula na majina ya waliokufa. Kanuni ilitaka barua zipitie kwa mkuu wa kambi. Waliojua maana yake walizitoa nje kupitia kwa askari waliokuwa na huruma au waliohitaji pesa. J. M. Kariuki alisimulia katika kitabu chake cha 1963 jinsi alivyoandika barua hizo na jinsi alivyoadhibiwa kwa ajili yake. Juni 1958 gazeti la Observer la London lilichapa barua ya wafungwa wa gereza la Lokitaung. Machi mwaka uliofuata wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kifo chao kilihusiana na maji waliyokunywa. Serikali iliyotoa taarifa hiyo ndiyo ambayo barua zote zilipaswa kupitia mikononi mwake.

Nyingi za barua hizo ziko leo Nyaraka za Taifa, katika lile jengo la mawe la Moi Avenue lililokuwa benki, mbele ya kituo cha mabasi ambako watu hukutana bila kujua kilichomo ndani. Ziko pale kwa sababu serikali ya kikoloni haikutupa barua hata iliyoipuuza. Iliipa nambari na kuifungia jaladani. Lakini yaliyosemwa juu ya barua hizo na wakubwa, katika majalada ya siri, yalichomwa au kusafirishwa Uingereza kabla ya Desemba 1963. Mwaka 2011 ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kuwa nayo, masanduku 300 yakihusu Kenya, yamewekwa Hanslope Park. Kwa karibu nusu karne Kenya ilikuwa na maombi bila majibu.

Yalipatikana kwa sababu ya kesi ya wazee wachache waliokwenda Mahakama Kuu ya London kudai fidia kwa mateso waliyotendewa kambini. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilijitetea kwa hoja inayostahili kukumbukwa: kwamba wajibu wote wa serikali ya kikoloni ulihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya uhuru, kwa hiyo wazee hao wangedai Nairobi. Mwaka 2011 Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo. Nayo ilikuwa ileile aliyoambiwa Kenyatta mwaka 1929, kwamba mlango si huu, rudi ukapitie kule. Juni 2013 Uingereza ilikubali kutoa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228, gharama za kesi zikiwemo.

Leo maofisa wa zamani hawapo, na sheria iliyoandikwa ni nzuri. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na cha 119 haki ya kuliomba Bunge jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kutunga au kufuta sheria. Kifungu cha 47 kinampa aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Tume ya Haki ya Utawala, iliyoweka makao yake Westlands kando ya Waiyaki Way, ipo ili kuzisukuma ofisi zisizojibu. Hayo ni mageuzi makubwa, na walioyapigania hawakuyapata bure.

Hata hivyo ukitembea kutoka Westlands hadi Uthiru, Waithaka na Mutu-ini, sharti la zamani bado linafanya kazi. Familia inayotaka kurithi shamba la babu, ambalo sasa limezungukwa na magorofa ya kupangisha, hupeleka ombi mahakamani Milimani. Ombi hilo huhitaji barua ya chifu inayotaja warithi. Kama chifu ni rafiki wa mjomba aliyekwisha kuuza kipande cha shamba, jina la binti aliyeolewa Kitale linaweza kukosekana kwenye barua hiyo. Akitaka kulalamika, anaelekezwa kwa naibu kamishna wa kaunti ndogo, ambaye humwita chifu atoe maelezo. Binti huyo hatarudi na hasira za Nyanjiru. Atarudi Kitale na basi la jioni.

Kijana wa Kawangware anayeomba kitambulisho naye hupitia kwa chifu. Mama anayeomba msaada wa karo pia. Mfanyabiashara mdogo aliyenyang'anywa bidhaa na askari wa kaunti huambiwa alalamike katika ofisi za kaunti, City Hall. Watu wenye uzoefu wamejifunza kubeba nakala mbili za kila barua na kusimama dirishani mwa masijala hadi nakala yao ipigwe muhuri wa tarehe. Bila muhuri huo, ofisi itasema haikupokea kitu, na bila kuonyesha kwamba umeiomba ofisi hiyo kwanza, Karani wa Bunge, ambaye kisheria ana siku saba za kulikagua ombi lako, ana ruhusa ya kukurudishia.

Bunge likilipokea, kamati ina muda maalumu wa kutoa ripoti. Itaiita wizara inayolalamikiwa, wizara itatuma katibu wake na jalada, na jalada hilo litakuwa ushahidi mnene kuliko wote mezani. Siilaumu kamati kwa hilo. Kamati isiyo na wachunguzi wake haina budi kutegemea karatasi za mlalamikiwa, kama Dublin Castle ilivyomtegemea jaji aliyetoa hukumu. Lakini muda huo unatosha kufanya jambo moja ambalo koloni halikuzoea kulifanya: kumrudishia mwombaji majibu ya wizara kabla ripoti haijaandikwa, ili aseme palipo na uongo. Thuku hakupewa nafasi hiyo. Wanubi hawakupewa hadi walipofika Banjul.

Sheria ile ya 2012 na Kanuni za Kudumu zinaweza kubadilishwa Bungeni, bila kura ya maoni. Sharti la kwamba mwombaji awe amejaribu kwanza ofisi inayohusika linaweza kubaki, mradi liwekewe kikomo: nakala yenye muhuri wa masijala, na siku 21 zilizopita bila jibu, zihesabike kuwa ofisi imekataa. Jibu la wizara lifike kwa mwombaji kwa lugha aliyoandikia ombi lake. Na palipo na malalamiko juu ya chifu, barua ya chifu huyo isihitajike, bali kiapo cha majirani wawili kitoshe hadi mahakama iamue vinginevyo. Mabadiliko haya yote yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, na mwananchi yeyote ana haki, chini ya kifungu cha 119, kuupeleka ukurasa huo Bungeni kama ombi.